Serikali Ndogo ya Mjomba

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa katika habari hii akaukosa. Naogopa mbwa, naogopa barua zenye nembo ya serikali, naogopa simu inayoita nikiwa kazini, naogopa hata mashine ya kufulia inapoanza kutikisika. Mume wangu, anayeendesha lori la makontena kutoka bandari ya Botany, husema kwamba nikikosa cha kuogopa naogopa ukimya. Ni mtani sana, lakini siku ninayotaka kuieleza hakunitania hata kidogo.

Tulikuwa tunaishi Granville, huku Australia, mimi na yeye, binti yetu aliyekuwa bado shule ya msingi, na mama yangu mzazi, niliyemleta kutoka Korogwe baada ya baba kufariki. Mama alikuwa na kisukari, akidungwa sindano kila jioni, na miezi hiyo akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Si yote, na si kila siku. Asubuhi angeweza kunieleza mvua ilinyesha vipi mwaka niliozaliwa, na ikifika alasiri akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa amewahi kufungua mlango na kujiondokea, tukamkuta nje ya duka la mikate la Walebanoni hapo kona, amejitanda khanga, anasubiri basi ambalo halipiti hapo.

Niliomba serikali itusaidie. Hapa Australia kuna utaratibu: mtu anakuja nyumbani kumtazama mzee, anaamua anastahili msaada gani, kisha analetwa mtu wa kukaa naye mchana. Mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu hiyo, nahudumia wazee wa watu majumbani, kwa hiyo nilijua pa kupiga simu. Nilipiga. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikasema jina la mama limeshafika, tusubiri. Tukasubiri mpaka nikaanza kuona haya kupiga tena.

Ndipo mjomba alipokuja kutoka Uingereza kumwona dada yake.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa nyumba yao. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na suruali yenye mstari uliopigwa pasi hata akiwa anakwenda kutupa taka tu. Aliajiriwa na halmashauri ya mji mmoja wa huko kaskazini, idara ya nyumba, tangu ujana wake mpaka akastaafu. Sasa alikuwa anagombea udiwani, na hoja yake ilikuwa moja tu: serikali ya Uingereza imenenepa, ipunguzwe.

Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba mezani kwangu jikoni, sisi tukiwa hadhira. Mama alikaa mbele kabisa, akimtazama mdogo wake kwa fahari bila kufuata neno, maana ilikuwa kwa Kiingereza. Akimaliza, alinitafsiria ile sehemu aliyoipenda kuliko zote: "Serikali iliyonenepa haiwezi kuinama ikamwokota mtu aliyeanguka."

"Maneno matamu," nilimwambia. "Na mimi nitakula nini, mjomba? Mshahara wangu unatoka serikalini."

"Wewe kazi yako itabaki, mwanangu. Watakaoondoka ni wale wanaokaa juu yako wakikuandikia cha kuandika."

Hapo alinigusa penyewe. Kazini kwangu nilikuwa na simu maalumu ya kujaza kila nilichofanya: nimemwosha bibi, nimempa maji, nimemuuliza kama ana furaha. Kuna siku nilimaliza kujaza bibi mwenyewe ameshasinzia na maji yake yamepoa. Sikumwambia mjomba hayo, angepata la kuweka kwenye hotuba.

Lakini nilimuuliza mawazo hayo yalimwanzaje, kwa sababu watu wetu wengi huko Uingereza, kwa ninavyowasikia, ni wa upande wa pili, wanaotaka serikali ifanye mengi zaidi. Akanieleza habari za bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa kwenye ghorofa la halmashauri. Mtambo wa kupasha nyumba joto uliharibika wakati wa baridi. Idara ya nyumba ikasema ni kazi ya idara ya matengenezo, matengenezo wakasema ni kazi ya mkandarasi, mkandarasi akasema anangoja saini. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanaandikiana. "Tulikuwa wengi," alisema, "na kila mmoja wetu alifanya kazi yake vizuri. Saini ilipopatikana, bibi alikuwa ameshapelekwa hospitali. Hakurudi tena kwenye lile ghorofa." Alikunja miwani yake akaiweka mezani. "Sisemi serikali ife. Nasema iwe na kazi chache na izijue. Polisi, mahakama, barabara, ulinzi. Mengine waachiwe watu wafanyiane wenyewe, na kodi zao wabaki nazo."

"Wafanyiane wenyewe vipi?"

"Kama tulivyofanyiana Korogwe. Mzee akipotea kule, nani alipiga simu ofisini?"

Nikasema kule hakukuwa na simu. Akacheka, na mama naye akacheka kwa kuwa sisi tumecheka. Nilimpenda mjomba, na nilimwogopa kidogo, kama ninavyomwogopa kila mtu asiye na shaka.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi. Kwa kuwa mjomba alikuwepo, nilichukua shifti ndefu bila wasiwasi, jambo ambalo kwangu ni nadra. Saa za Uingereza na za hapa zinapishana sana. Jioni yetu ndiyo asubuhi yao. Kwa hiyo jioni ile mjomba aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akazungumza na wenzake wa chama kwa video. Mama alikuwa sebuleni anatazama televisheni. Binti yangu aliporudi kutoka kwa jirani alikuta mlango wa mbele uko wazi na televisheni inaongea peke yake.

Alinipigia mimi. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza siku zote. Jioni ile alisema kwa Kiswahili, "Mama, bibi hayupo." Nilipolisikia hilo kwa Kiswahili kutoka kwake, nilichukua mkoba nikatoka.

Nilifika nyumbani na sare yangu ya kazi, kitambulisho kikining'inia shingoni. Mjomba alikuwa barabarani bila viatu. Nguo zake zote nadhifu, na miguuni soksi tu. Alikuwa ameshakwenda mpaka kwa Walebanoni na kurudi. Mwenye duka alikuwa amefunga, yeye na mwanawe wanazunguka na gari yao kumtafuta. Mume wangu alikuwa njiani kutoka bandarini, amekwama kwenye foleni, anatukana kila kilicho mbele yake. Jua lilikuwa linashuka na sindano ya mama ilikuwa kwenye jokofu.

"Napiga polisi," nikasema.

"Ngoja kwanza," mjomba akasema. "Ngoja. Tuwaulize watu wetu. Weka kwenye magrupu ya simu, ya kanisani, ya Watanzania, ya Wakenya, ya Wakongo. Mtu yeyote atakayemwona mama mwenye khanga atamshika mkono."

"Nitaweka. Na polisi napiga."

"Ukiwaita watauliza nani alikuwa naye. Watauliza kama amewahi kutoka. Watasema nyumba hii haifai. Watamchukua, mwanangu, hujui. Wakishaandika hawafuti."

Niligeuka nikamtazama. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na hili nilikuwa sijawahi kuliona kwake. "Mjomba," nikamwambia, na sauti niliyoitumia si ya kumsemesha mtu mzima, "polisi si wapo kwenye ile orodha yako ya watakaobaki?"

Alikaa kwenye ukingo wa barabara akaanza kuvua soksi zilizochanika, mimi nikapiga simu.

Alikuja askari wa kike, kijana, mpole, kalamu mkononi. Aliuliza yote ambayo mjomba alisema atauliza. Nani alikuwa naye? Amewahi kutoka? Anatumia dawa gani? Alipofika kwenye sindano aliinua kichwa, akauliza asipodungwa anaweza kukaa muda gani. Nikasema sijui. Mimi ambaye kila siku nawadunga wazee wa watu, nikasema sijui, kwa sababu nilijua na sikutaka kulitamka. Inategemea atakula nini. Sukari ikipanda sana mzee anaanza kulegea, anapumua kwa shida, analala, na usingizi huo mtu hamwamshi kirahisi. Kisha nikamweleza askari yote bila kuficha. Kila nilipojibu niliona tunaandikwa, lakini niliendelea kujibu.

Usiku ule siuelezi. Tulizunguka, na hatukumwona.

Asubuhi polisi walisema kamera za stesheni zimemwonyesha akipita getini nyuma ya watu, akaingia kwenye behewa. Treni ile inakwenda magharibi, na kutoka Granville stesheni ni nyingi. Angeweza kushuka kokote, au kulala kitini akavuka mji mzima. Mume wangu alichukua gari akaanza kufuata stesheni moja baada ya nyingine. Mimi na mjomba tulibaki tukipiga hospitali. Hatukusemezana. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kutaka kurusha sahani, na nilijua kwamba nikifungua mdomo nitasema jambo ambalo mdogo wa mama hasemwi.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri niliposikia ujumbe mmoja. Ulikuwa ujumbe wa sauti, umepita grupu kwa grupu, kutoka kwa wanamaombi wa Kikongo hadi kwa dada mmoja Mkenya ninayesali naye, naye akanirushia mimi. Sauti ya mwanamke, chini, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika shuka.

"Bandugu, musamehe kusumbua. Niko na mama moja muzee hapa kwangu, nilimupata ndani ya treni nikitoka ku kazi. Anasema anaenda Korogwe. Anaongea ile Kiswahili bora ya Tanzania. Kama munajua mutoto wake, mumwambie akuje kumubeba. Lakini muniskilize muzuri: musilete serikali. Mungu abariki."

Nilipiga kelele mpaka binti yangu akatoka chumbani mbio. Mjomba alichukua simu akausikiliza tena, na tena. "Umeona?" alisema, machozi yakimtoka. "Umeona, mwanangu? Watu. Watu wamemshika mkono."

"Tangu jana," nikasema. "Yuko naye tangu jana, mjomba. Nchi nzima inamtafuta, na ameshakosa sindano."

Alinirudishia simu.

Tulitafutiwa namba ya huyo mwanamke, tukapiga, haikupokelewa. Yule dada Mkenya aliuliza akauliza mpaka akapata mtaa: Penrith, kule mwisho wa mji, nyumba yenye ukuta wa matofali mekundu na trampolini uani. Nikampigia yule askari nikamwambia. Nilimsihi atuache tufike sisi kwanza, kwamba huyo mama si mwizi wa watu, anaogopa tu. Akasema anaelewa, lakini kwa mgonjwa wa sindano hawezi kuahidi. Gari la karibu litatumwa. Alikuwa na haki, na niliichukia haki yake.

Mjomba alikuwa ameshavaa koti la suti na tai. Nilimuuliza anakwenda harusini? Akasema ukitaka watu wakusikilize uvae vizuri. Jirani mwenye duka alitupeleka na gari yake, na njia nzima nilikuwa nimekumbatia mfuko wa barafu wenye sindano, nikihesabu kichwani yale yanayoweza kumpata mtu mwenye sukari nyingi, moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa darasani. Mjomba alikuwa anatazama nje. Barabarani tulipitwa na gari la polisi, likiwa kimya, halina king'ora, na hapo nikaanza kusali kwa sauti.

Halikuwa linakwenda kule. Tulifika mtaani hakuna mtu. Nyumba ya matofali mekundu ilikuwa imefunga mapazia yote, mchana kweupe. Trampolini ipo. Viatu vya watoto vimepangwa mlangoni, na pembeni yake ndala za mama yangu, zile za bluu nilizomnunulia mimi.

Mjomba akagonga. Pazia likacheza. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho, na mjomba, kwa mazoea ya miaka yake yote ya ofisi, akaanza kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya hotuba: samahani kwa usumbufu, tunafuatilia taarifa ya mwanamke mzee.

Jicho lilimtazama yeye na tai yake. Likanitazama mimi, sare yangu ya jana ambayo sikuwa nimepata akili ya kuivua, na kitambulisho shingoni.

"Hapa hakuna mutu," sauti ikasema. "Mumepotea." Mlango ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa ndani.

Nilijirusha kwenye ule mlango. "Dada! Dada, mimi si serikali! Mimi ni mtoto wake! Ndala zake hizi hapa!"

Kisha sauti ikaja, karibu sana, kama ya aliyeweka mdomo kwenye tundu la ufunguo: "Serikali pia inajuaka Kiswahili. Walikuja hapa na mutu wa Kiswahili, wakaniuliza kwa nini batoto yangu walibaki kwa jirani wakati niko ku kazi. Nilikuwa nafikiri ni ndugu. Ile yote nilimwambia, akaandika."

Mjomba alikuwa amepauka.

"Kama wewe njo mutoto wake," sauti ikaendelea, "sema. Akiamuka asubuhi anaomba kitu gani ya kwanza?"

"Chai," nikasema. "Chai ya rangi, na sukari. Anataka sukari nyingi, na sisi tunamnyima, na yeye analalamika kwamba namuua kwa uchungu. Lakini dada yangu, tafadhali, usimpe. Ana kisukari. Ukimpa atalala asiamke. Usimpe hata kijiko."

Kisha nikasikia akilia.

"Tulimupatia," akasema. "Tangu jana tunamupatia. Njo anapenda."

Ufunguo ulizunguka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa fulana ya kazi ya ghala yenye mistari inayong'aa, kitenge kiunoni, macho mekundu. Nikataka kumpita, lakini alikuwa anatazama nyuma yangu, mdomo wazi. Niligeuka. Gari la polisi lilikuwa linaegesha nyuma ya gari ya jirani.

"Nilisema musilete!" alinong'ona. "Nilisema!"

Alinishika mkono wa sare na kucha zake zikaniingia. Alikuwa ananing'ang'ania mimi ambaye dakika ile ile alinifungia mlango. Sijawahi kuona woga ulioushinda wangu mpaka siku hiyo. Mjomba akasema, "Ingieni. Huyu niachieni mimi." Akashuka kwenye majani na tai yake, akamkabili askari aliyeshuka garini katikati ya ua, mikono akiionyesha wazi. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mama mwenye nyumba hii ni rafiki wa familia, ametutunzia mgonjwa wetu, na kinachohitajika hapa ni ambulensi, tafadhali, upesi. Askari akaiita hapo hapo kwenye redio. Haikuchukua zaidi ya maneno machache.

"Iko wapi?" nikamuuliza mwanamke. Kwa kiwewe nilisema "iko" kama kitu, nikasahau hata kusema yuko.

"Ku bafu. Tulimuficha mulipogonga. Ni mimi nilimwambia: bakigonga, unyamaze, ni serikali."

Bafu lilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba, taa imezimwa. Niliwasha. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, amefunikwa kitenge kisicho chake, nywele zimesukwa upya, na msichana mdogo amemshika mkono. Alikuwa hai. Midomo imekauka na macho yamezama, lakini hai, amekaa wima. Nikaanguka magotini kwa furaha.

Mama alisimama. Alimsogeza yule msichana nyuma yake, akajitanda kitenge vizuri kichwani, akaitazama sare, akakitazama kitambulisho. Usoni hakunitazama. Kisha alipiga goti kidogo, kama anavyopiga mtoto wa kike aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama mtendaji," akasema. "Baba hayupo. Amesafiri kwenda Tanga, atarudi mwezi ujao."

Sikuelewa. Nilimwita, mama, ni mimi. Akatikisa kichwa na kurudia vilevile, neno kwa neno, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Shikamoo, mama mtendaji. Baba hayupo.

Nyuma yangu nikasikia pumzi ya mtu. Mjomba alikuwa amesimama ukumbini, ameegemea ukuta, mkono mmoja umefunika mdomo.

"Kodi ya kichwa," alisema taratibu. "Mtendaji na mgambo wake walikuwa wanakuja nyumba kwa nyumba. Baba hakuwa na kitu. Alikuwa anajificha stoo, chini ya magunia, na mimi ananilalisha chini yake ili nisilie. Dada ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni. Hayo ndiyo maneno aliyofundishwa. Siku moja hawakumwamini. Walimchapa pale pale mlangoni, nikiwa nasikia. Hakusema baba yuko wapi. Mimi sikuwahi kutoka nje."

Mama alikuwa bado amepiga goti, anangoja. Magoti yake ni mabovu, nilijua yanamuuma. Nilimwambia inuka mama, hakuinuka. Nilijaribu kumshika, akajikunyata kama anayetegemea kupigwa.

"Mwitikie," mjomba akasema. "Hatainuka mpaka umwitikie."

Shikamoo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa. Tangu nilipojua kusema, mimi ndiye niliyempa mama, kila asubuhi. Nilivua kitambulisho nikakitia mfukoni, lakini hilo halikusaidia, sare ilikuwa bado mwilini.

"Marahaba," nikamwambia mama yangu. "Tumesikia. Baba hatumhitaji."

Nikarudi nyuma, nikatoka bafuni mpaka ukumbini, asinione.

Aliinuka taratibu kwa kushika ukuta. Alisikiliza kidogo. Kisha akageukia kona yenye ndoo na mifagio, pasipokuwa na mtu, akanong'ona: "Wamekwenda. Tokeni."

Mjomba akajitoa ukutani, na koti lake na tai yake na ndevu zake nyeupe, akamwendea dada yake akilia.